Nyongo au Ute: Hadubini Inavyotenganisha Saratani za Ini

Chupa yenyewe ni ya plastiki, ndogo, inaenea kiganjani. Ndani yake mna formalini, maji yasiyo na rangi ambayo harufu yake huchoma pua na kutoa machozi, na chini kabisa vimetulia vipande viwili vya nyama ya kahawia iliyofifia. Kila kimoja kina urefu wa sentimita moja na nusu hivi na unene usiozidi milimita moja. Nje pamebandikwa karatasi: jina, umri, jinsi, namba ya faili, na maneno mawili, "kinyama, ini". Kwa mgonjwa wa Tarime au Serengeti aliyeanza kuvimba upande wa kulia chini ya mbavu, safari ya kutafuta tiba hufika mahali ikategemea chupa hiyo.

Kanda ya Ziwa hupeleka wagonjwa wake wa rufaa Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima jijini Mwanza. Kutoka mjini Tarime ni karibu kilomita 300. Basi linavuka Mto Mara kwenye Daraja la Kirumi, linaacha njia ya kuingia Musoma, kisha Bunda, Lamadi na Magu. Anayetoka Mugumu hupitia Nata kabla ya kuifikia Bunda. Wapo pia wanaoona wepesi kuvuka mpaka pale Sirari na kutafuta daktari upande wa Kenya, Migori au Kisii. Popote watakapofikia, daktari atataka kujua jambo lile lile: uvimbe huu ni wa aina gani?

Swali hilo linaweza kuonekana la anasa. Kwa familia, "kansa ya ini" ni jina moja, na linatosha kuwanyima watu usingizi. Kabla ya kulifikia jina hilo, mara nyingi yalitangulia mengine: vidonda vya tumbo, bandama, kurogwa. Madaktari wa ukanda huu wamezoea kukuta juu ya ngozi iliyovimba chale za mganga zilizopangwa kwa mistari, nyingine mpya, nyingine zimeshapona. Lakini ndani ya ini huweza kuota saratani ambazo hazina hata undugu wa karibu. Chimbuko lake si moja, umri wa wanaoshikwa si mmoja, dawa si moja. Altrasaundi huonyesha uvimbe ulipo na ukubwa wake, lakini haiwezi kusema umetokana na seli gani. Hilo ni la hadubini.

Mwaka 2014 Dk. Hyasinta Jaka na wenzake wa Bugando walichapisha taarifa ya wagonjwa 142 wa saratani ya seli za ini waliohudumiwa hapo kwa miaka minne kuanzia 2009. Wanaume walikuwa zaidi ya maradufu ya wanawake. Theluthi mbili walikuwa na virusi vya homa ya ini B, na karibu tisa katika kila kumi walifika ugonjwa ukiwa umekwenda mbali. Umri wao wa kati ulikuwa miaka 45. Hapo inafaa kutulia kidogo, kwa sababu Ulaya na Marekani ugonjwa huu ni wa watu wa miaka 60 na kuendelea, wengi wao wakiwa wamekaa na ini bovu kwa muda mrefu. Mtu wa miaka 45 Nyamongo au Mugumu ndiye anayelipa ada za shule, ndiye anayeamua ng'ombe gani auzwe. Duniani kote, makadirio ya mwaka 2022 yanahesabu wagonjwa wapya wa saratani ya ini zaidi ya 860,000, na vifo zaidi ya 750,000 katika mwaka huo huo mmoja.

Kabla ya sindano ya kutoa kinyama kwenye ini, damu hupimwa kuona kama inaganda sawasawa. Si utaratibu wa karatasi tu: ini ndilo linalotengeneza protini nyingi za kugandisha damu, na ini lililoharibika likitobolewa linaweza kuvuja damu mpaka mgonjwa akazimia. Vipimo vikiwa vizuri, ngozi hutiwa ganzi, mgonjwa huambiwa abane pumzi ili ini lisipande na kushuka, na daktari huongozwa na picha ya altrasaundi. Sindano yenye springi hufyatuka, inakata, inarudi. Yote hayo hayafiki sekunde moja. Kisha mgonjwa hulazwa saa kadhaa, akipimwa presha na mapigo ya moyo mara kwa mara.

Kinyama kinatakiwa kuingia kwenye formalini papo hapo, na formalini iwe nyingi, walau mara kumi ya ujazo wa nyama. Kikiachwa juu ya shashi kikakauka, au kikitumbukizwa kwenye maji ya dripu kwa kukosa kingine, seli huanza kujimeng'enya zenyewe, na kitakachofika maabara ni uji. Hospitali za dunia nzima zimewahi kupoteza vinyama kwa namna hiyo. Gharama ya formalini ni ndogo mno ukilinganisha na gharama ya kumtoboa mtu mara ya pili.

Maabarani, kinyama hupitishwa kwenye spiriti ya nguvu tofauti tofauti ili kitoke maji, kisha kwenye zailini ili itoke spiriti, kisha kwenye nta iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi 60 hivi. Nta ikipoa, nyama na nta vimekuwa kitu kimoja, kijitofali kidogo kinachoshikika. Fundi hukifunga kwenye maikrotomu na kuanza kuzungusha gurudumu. Kila mzunguko unakata utando wa maikroni tatu au nne, na unywele wa kichwani una maikroni kama 70. Utando huo huelea juu ya beseni la maji ya uvuguvugu, nao unaokotwa kwa kioo cha mstatili, mkono usitetemeke, usijikunje. Mpaka hapo kioo hakionyeshi kitu. Ndipo zinapokuja rangi mbili ambazo maabara za dunia zimezitumia tangu karne ya 19: hematoksilini, inayotokana na gogo la mti wa Amerika ya Kati, ambayo hupaka viini vya seli bluu ya zambarau, na eosini, ambayo hupaka sehemu iliyobaki waridi. Kwa rangi hizo mbili tu, mwanapatholojia aliyezoea hujibu sehemu kubwa ya maswali.

Ini zima chini ya hadubini ni eneo la utulivu. Seli zake ni kubwa, zenye pembe, waridi ya chengachenga, kila moja ikiwa na kiini cha duara, na wakati mwingine viwili. Zimejipanga kwa safu nyembamba, seli moja au mbili kwa unene, na kati ya safu na safu zinapita njia pana za damu. Kinachozishikilia ni nyuzi laini zisizoonekana kwa rangi za kawaida, mpaka kioo kipakwe chumvi ya fedha, ndipo zinapotokeza nyeusi tii. Mtu aliyewahi kujenga nyumba ya udongo atazielewa mara moja: ni fito. Udongo ukikandikwa bila fito, ukuta unasimama kwa muda tu.

Saratani ya seli za ini, ambayo wengi huiita hepatoma na ambayo duniani ni kati ya asilimia 75 na 85 ya saratani zote zinazoanzia kwenye ini, huvunja mpangilio huo. Safu zilizokuwa na seli moja au mbili sasa zina nne, sita, kumi. Fito zimekatika au zimetoweka. Katikati ya uvimbe hakuna tena mirija ya nyongo wala vituo vile vya kawaida ambamo mshipa, ateri na mfereji hukaa pamoja. Badala yake mna ateri pweke zilizojiotea ovyo, kwa kuwa uvimbe huu hunywa damu ya ateri. Viini vya seli vimevimba, vimejaa rangi, vingine vina vijiini vyekundu vinavyokodoa kama jicho.

Kuna jambo moja mwanapatholojia hulitafuta kwa hamu. Ni tone la kijani-kahawia, ndani ya seli au katikati ya seli zilizojipanga duara. Hiyo ni nyongo. Hakuna seli nyingine mwilini inayotengeneza nyongo ila ya ini, kwa hiyo tone hilo likionekana ndani ya seli za saratani, hata kama kinyama kimetolewa kwenye mfupa wa paja, mjadala umekwisha: saratani hii ilizaliwa kwenye ini.

Shida ni kwamba tone hilo halipo kila mara, na hepatoma ina tabia ya kujigeuza. Hugh Edmondson na Paul Steiner walichambua mwaka 1954 maiti 100 za wagonjwa wa saratani iliyoanzia kwenye ini, walizozipata kati ya maiti 48,900 zilizopasuliwa, wakaupanga ugonjwa huo kwa madaraja manne. Daraja la kwanza linafanana na ini zima kiasi kwamba hata mzoefu hutafuta rangi ya fedha ili ahesabu fito zilizobaki. Daraja la nne halifanani na chochote. Seli zimechakaa, mtu anaweza kudhani ni saratani ya misuli, ya ngozi, au ya tezi. Na katikati ya madaraja hayo zipo hepatoma ambazo seli zake hujipanga duara kama vijitezi, zikijifanya ndugu wa aina ya pili.

Aina ya pili ni saratani ya mifereji ya nyongo, kolanjiokasinoma. Ini lina mtandao wa mirija inayokusanya nyongo na kuipeleka kwenye utumbo, na mirija hiyo ina ngozi yake ya ndani. Saratani ikianzia kwenye ngozi hiyo, picha hubadilika. Seli ni ndogo zaidi, fupi, zimejipanga kuzunguka matundu, na baina ya tundu na tundu kumejaa makovu meupe magumu. Daktari aliyeshika sindano wakati mwingine huuhisi ugumu huo mkononi kabla hata kioo hakijaandaliwa. Seli hizi hazitengenezi nyongo. Zinatengeneza ute. Maabara ina rangi za kuupaka ute huo ukawa waridi kali au mwekundu, na kipimo hicho ni cha bei nafuu. Nyongo au ute: kwa kinyama kinachobishaniwa, swali hilo moja limeokoa saa nyingi za kazi.

Saratani hii ya mifereji ina makao yake makuu, nayo yako mbali. Ni kaskazini mashariki mwa Thailand, ambako watu hula samaki wa mitoni wabichi wenye mnyoo bapa uitwao Opisthorchis viverrini. Mnyoo huyo huishi kwenye mifereji ya nyongo kwa miaka mingi, akiichubua. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilimtangaza mwaka 1994 kuwa msababishi wa saratani kwa binadamu. Mchinjaji wa Tarime akisikia habari hizi atauliza palepale kuhusu minyoo anayoikuta kwenye maini ya ng'ombe, ile bapa kama jani, ambayo mkaguzi wa nyama huamuru ini zima litupwe. Swali lake ni zuri. Mnyoo wa ng'ombe ni Fasciola gigantica, si yule wa Thailand, na haumo katika orodha ya wasababishi wa saratani. Ini hilo linatupwa kwa sababu nyingine.

Kisha kuna kiumbe cha kati. Mwaka 1949 Allen na Lisa, watafiti wa Marekani, waliandika juu ya uvimbe ambao sehemu yake ni hepatoma na sehemu yake ni saratani ya mifereji, ndani ya ini moja, pengine ndani ya kinyama kimoja. Ni nadra. Lakini unaeleza kwa nini vipande viwili au vitatu vya sindano ni bora kuliko kimoja, na kwa nini ripoti ya uangalifu husema "katika kinyama kilicholetwa" badala ya kuusemea uvimbe wote. Mgonjwa anaweza kuyasoma maneno hayo kama kukwepa. Si kukwepa. Uvimbe una upana wa sentimita 12. Hadubini imeona milimita chache.

Edmondson alirudi tena mwaka 1956 na mgonjwa kijana ambaye hepatoma yake haikufanana na nyingine. Seli zilikuwa kubwa mno, waridi ya kukolea, na kati yake makovu yamejipanga kwa matabaka yaliyonyooka sambamba. Leo aina hiyo inaitwa faibrolamela. Hushika vijana na watu wazima wadogo, wenye ini ambalo pembeni ya uvimbe halina kasoro yoyote, bila virusi, bila pombe. Kwa miaka karibu 60 ilitambuliwa kwa sura tu. Mwaka 2014 kundi la watafiti wa New York, ambamo alikuwemo Elana Simon, mwanafunzi aliyewahi kuugua ugonjwa huo akiwa na miaka 12, lilionyesha kwamba seli zake zina jeni mbili zilizokatika na kuungana mahali pasipo pake. Mtu yeyote anayeona picha ya hepatoma kwa kijana wa miaka 20 asiye na homa ya ini B anapaswa kusita hapo na kutazama makovu upya.

Watoto wadogo wana yao. Hepatoblastoma huwapata zaidi wenye umri chini ya miaka mitano, na seli zake hufanana na za ini la mimba, changa, ndogo, zilizobanana. Ipo pia saratani ya kuta za mishipa ya damu ya ini, ambayo ilipata umaarufu mwaka 1974 ilipogundulika kwa wafanyakazi wa kiwanda cha plastiki mjini Louisville, Marekani. Ni ya nadra mno.

Na bado kuna wageni. Saratani nyingi zinazoonekana kwenye ini hazikuzaliwa hapo, zimesafiri kwa damu kutoka tumboni, utumbo mpana, titi au kongosho. Afrika Mashariki imo katika ukanda wenye saratani nyingi ya koo la chakula, na hiyo nayo hufika kwenye ini. Seli zake hukunjana na kutoa magamba ya protini ile ile ya kucha na nywele, jambo ambalo ini haliwezi kulifanya. Hapo hadubini ni nyepesi kusema. Lakini saratani iliyotoka kongosho na ile iliyoanzia kwenye mfereji wa nyongo ndani ya ini zinaweza kulingana kabisa kwenye kioo, na mwanapatholojia mkweli hurudisha mpira: pimeni tumbo, pimeni kongosho, kisha tuzungumze.

Pale rangi za kawaida zinapokwama, kuna kingamwili. Ni protini zinazotengenezwa ili zishike kitu kimoja tu ndani ya seli na kuacha alama ya kahawia mahali zilipong'ang'ania. Moja iitwayo HepPar-1, iliyotangazwa mwaka 1993, hushika seli za ini. Nyingine hutafuta arjinesi-1, kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengeneza urea, nayo inaaminika zaidi kwa hepatoma zilizochakaa. Glipikani-3 hujitokeza kwenye hepatoma na hukosekana kwenye ini zima. Kwa upande wa mifereji ya nyongo, zinatafutwa keratini namba 7 na namba 19. Ukiwa na nne hivi zilizochaguliwa vizuri, kesi nyingi zinafungwa. Ila chupa za kingamwili ni ghali, zinahitaji ubaridi usiokatika, na zina tarehe ya mwisho. Maabara yenye fedha za kununua mbili tu itanunua zipi? Huo ndio mjadala halisi wa wanapatholojia wa ukanda huu, na pengine ndiyo sababu wamebaki hodari wa rangi za zamani.

Kuna kipande kimoja cha kinyama ambacho wasomaji wa haraka hukiruka, yaani ini lililo pembeni ya uvimbe. Ndicho chenye historia ya mtu.

Mwaka 1973 Stephanos Hadziyannis na Hans Popper walieleza seli za ini ambazo utando wake wa ndani umefifia, laini, kama umefunikwa na ukungu. Zimejaa magamba ya virusi vya homa ya ini B. Mwaka uliofuata Mjapani Toshio Shikata alionyesha kwamba rangi ya orsini, nafuu kabisa, huzigeuza seli hizo kahawia. Mgonjwa ambaye hakuwahi kupimwa virusi maishani mwake anaweza kugundulika hivyo. Na Afrika Mashariki wengi waliambukizwa wakiwa wadogo: mtoto mchanga akiambukizwa, uwezekano wa kubaki na virusi maisha yote ni karibu asilimia 90, ilhali kwa mtu mzima ni chini ya 5. Damu ndiyo njia, kwa hiyo wembe mmoja uliopita kwa watu wengi, wa chale au wa tohara, ni hatari isiyohitaji maelezo marefu. Virusi hivi hujichomeka ndani ya vinasaba vya seli, na ndiyo maana saratani huweza kuota kwenye ini ambalo halijasinyaa bado. Tanzania ilianza kuwachanja watoto dhidi ya homa ya ini B mwaka 2002. Taiwan ilitangulia mwaka 1984, na saratani ya ini kwa watoto wake wa miaka 6 hadi 14 ilishuka karibu nusu.

Mlevi naye huacha alama: mafuta ndani ya seli, na vinyuzi vyekundu vilivyojisokota ambavyo Frank Mallory wa Boston alivieleza mwaka 1911. Kichocho cha utumbo, ambacho wakazi wa mwambao wa ziwa huko Rorya na Musoma wanakijua vizuri, huacha mayai yenye mwiba wa ubavuni, yaliyozungukwa na makovu kando ya mishipa. Kichocho chenyewe hakihesabiwi kuwa kisababishi cha hepatoma. Mayai yake kwenye kioo yanamweleza daktari kwa nini mgonjwa ana bandama kubwa, basi.

Mshtakiwa mmoja haachi alama inayoonekana. Ni sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Ilijulikana baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kula mashudu ya karanga. Afrika Mashariki ilikuwa ya mapema kuihusisha na saratani. Michael Hutt, profesa wa patholojia Makerere, akishirikiana na Wamarekani, alichapisha mwaka 1971 matokeo ya sampuli 480 za vyakula vya Uganda: mikoa yenye hepatoma nyingi, Karamoja ikiwemo, ndiyo iliyokuwa na sumu zaidi. Miaka miwili baadaye Frank Peers na Allen Linsell waligawa Murang'a ya Kenya kwa mwinuko, juu, kati na chini, wakapima chakula kilichopikwa majumbani. Kadiri walivyoshuka bondeni, sumu na saratani viliongezeka pamoja. Mkoa wa Mara nao una milima ya Tarime yenye baridi na migomba, na chini yake nchi ya joto ya mtama, mahindi na mihogo.

Sumu hiyo ikizidi kwa ghafla huua ndani ya wiki, kama ilivyotokea Makueni na Kitui mwaka 2004, watu 125 wakapoteza maisha, na Dodoma na Manyara mwaka 2016, ambako walikufa wapatao 20. Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka, huharibu jeni. Mwaka 1991 makundi mawili ya watafiti, moja likichunguza wagonjwa wa Qidong nchini China na jingine wa kusini mwa Afrika, yalikuta jeni iitwayo TP53 imeharibika mahali palepale, namba 249. Hadubini haioni kosa hilo. Mashine ya kusoma vinasaba inaliona, hata kwenye kinyama cha nta kilichokaa kabatini. Utafiti wa Shanghai ulionyesha kwamba mtu mwenye sumukuvu na virusi vya B kwa pamoja ana hatari karibu mara 60 ya asiye na vyote viwili. Kukausha mahindi vizuri kabla ya kuyafungia ghalani, kwa hiyo, ni kazi ya kuzuia saratani, ingawa mkulima huifanya kwa sababu ya fukusi.

Jambo la kushangaza ni kwamba katika nchi tajiri wagonjwa wengi wa hepatoma hawachomwi sindano kabisa. Mwenye ini lililosinyaa, akipigwa picha ya CT kwa dawa ya kung'arisha mishipa, uvimbe ukiwaka wakati wa damu ya ateri kisha ukafifia mapema kuliko ini linalouzunguka, madaktari hukubali ni hepatoma. Wanaogopa sindano kuvujisha damu au kupandikiza seli kwenye njia iliyopita. Kanuni hiyo iliandikwa kwa ajili ya watu wenye kusinyaa kwa ini au homa ya ini B ya muda mrefu, na kwa hospitali zenye mashine na mtu wa kuisoma. Kijana asiye na virusi, mtoto, mwenye uvimbe usiofuata kanuni, wote hao bado ni wa chupa ya formalini. Kipimo cha damu cha AFP husaidia, lakini karibu theluthi moja ya wenye hepatoma huonyesha kiwango cha kawaida.

Jina likishapatikana, njia huachana. Hepatoma iliyo sehemu moja, kwenye ini lenye nguvu, inaweza kukatwa. Iliyosambaa ina vidonge kama sorafenibu, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 2007, na mwenye virusi vya B hupewa dawa ya kuvituliza. Saratani ya mifereji hupewa jemusitabini na sisplatini. Hepatoblastoma ya mtoto hunywea kwa sisplatini mpaka daktari wa upasuaji akapata nafasi ya kuitoa. Na mara chache kioo huonyesha limfoma, saratani ya chembe nyeupe za damu, ambayo ukiitibu kama hepatoma umempoteza mgonjwa ambaye dawa zake zipo na mara nyingi zinafanya kazi.

Ripoti ikitoka, kijitofali cha nta hakitupwi. Hupangwa kabatini kwa namba na hukaa miaka, kikiwa bado na nyama ya kutosha kukatwa vioo vingine. Familia inayoamua kumpeleka mgonjwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, au kuvuka kwenda Nairobi, inaweza kuomba kijitofali hicho au vioo vyake pamoja na nakala ya ripoti, na daktari wa huko akasoma upya bila kumtoboa mgonjwa tena. Wanaojua kuomba hivyo ni wachache.